Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Je?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila serikali iliyoitawala nchi hii tangu uhuru imeitumia hekima hiyo, ama kwa maneno yake yenyewe au kwa mengine yaliyofanana nayo, kuwashawishi wananchi wa mashambani waupokee utalii. Mfugaji huambiwa kwamba watalii wakija barabara itatengenezwa, kijana wake atapata kazi, zahanati itajengwa, na mama atauza shanga zake kwa bei nzuri. Kwa mwenyeji ambaye kisima chake kimekauka na shule ya watoto wake haina paa, maneno hayo ni matamu. Hatuwalaumu walioyaamini. Tunawauliza walioyatamka.

Sisi hatuupingi utalii. Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa wapatao milioni 2.4, na mapato yaliyotokana nao yalitangazwa kuwa shilingi bilioni 452. Fedha hizo ni nyingi, na nyuma yake wamo maelfu ya Wakenya wapishi, madereva, waongozaji na wafumaji wa vikapu wanaolisha jamaa zao kwa jasho halali. Serikali imetangaza nia ya kuwafikisha wageni milioni 5 kwa mwaka, na inataka wageni hao wasiishie pwani na Maasai Mara peke yake, bali wafike mashambani, kila kaunti ipate fungu lake. Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, ilikuwa tayari imekusudia kujenga mji wa mapumziko huko Isiolo. Nia ya kuufikisha utalii mashambani, kwa hiyo, si ngeni, na yenyewe si mbaya. Swali letu ni moja: katika mpango huu, mwenyeji ni nani, na atapona kwa nini?

Swali hili halihitaji kubashiriwa jibu. Lina jibu lililokwisha kuandikwa, na limeandikwa kando ya Ziwa Bogoria.

Ziwa hilo liko Baringo, katika sakafu ya Bonde la Ufa. Ni ziwa la magadi lenye chemchemi za maji moto zinazofuka mvuke, na ndege aina ya heroe hukusanyika humo nyakati nyingine kwa wingi hata maji yakaonekana mekundu kwa mbali. Waendorois wameishi kandokando ya ziwa hilo kwa karne nyingi. Maji yake hayanyweki, lakini ardhi yake ina chumvi ambayo mifugo huilamba ikapata afya. Mitishamba ilichumwa huko, wazee walizikwa huko, na maombi ya jamii pamoja na sherehe za jando vilifanyiwa huko. Mtalii huliona ziwa zuri. Mwendorois huona malisho, dawa, kaburi na mahali pa ibada.

Mwaka 1973 serikali ilitangaza mahali hapo kuwa hifadhi ya wanyama, wakati ule ziwa likiitwa Hannington. Mwaka 1978 tangazo likarudiwa kwa jina la Bogoria. Wenyeji waliamriwa wahame. Hawakuhamishwa bila ahadi. Kwa mujibu wa maelezo yaliyowasilishwa baadaye mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, waliambiwa kwamba familia 400 zingepewa mashamba yenye rutuba. Kwamba asilimia 25 ya mapato ya utalii ingekuwa yao. Kwamba asilimia 85 ya kazi zitakazotokana na hifadhi zingekwenda kwa watu wao. Na kwamba serikali ingewajengea majosho ya mifugo na mabwawa ya maji matamu.

Ahadi ni deni, nalo deni hilo lililipwaje? Ardhi ya rutuba haikutolewa. Robo ya mapato haikuonekana. Kilichofika kilikuwa fedha kidogo, nazo zilifika mwaka 1986, miaka 13 baada ya amri ya kwanza. Familia 170 zililipwa shilingi 3,150 kila moja. Familia nzima iliyoacha malisho, maji, chumvi ya mifugo na makaburi ya wazazi wake ilipewa kiasi hicho, kana kwamba ilikuwa mpangaji aliyekwisha muda wa kukaa. Wakati huohuo mlango wa hifadhi ulikuwa wazi kwa mgeni mwenye ada mkononi, huku mwenyeji akihitaji ruhusa ya mamlaka kuingia kuwaombea wazee wake.

Jambo hili liliwezekanaje katika nchi yenye sheria? Liliwezekana kwa sababu sheria yenyewe iliwapa wengine funguo. Ardhi ya Waendorois, kama ya wafugaji wengi wa Kenya, ilikuwa ardhi ya amana. Ilishikwa na mabaraza ya wilaya, kwa upande huu Baringo na Koibatek, kwa niaba ya wakazi. Lakini neno “kwa niaba” lilikuwa jembamba kama uzi. Baraza au Rais aliweza kuitenga ardhi hiyo kwa matumizi mengine, na mkazi akabaki na haki ya kudai fidia tu. Na katika zama za chama kimoja, ni diwani gani angethubutu kusimama na kulipinga tangazo la serikali? Aliyeuliza hesabu aliitwa mchochezi. Ndiyo maana tunasema kwamba suala la utalii wa mashambani ni suala la utawala kabla ya kuwa suala la hoteli. Mahali ambapo wananchi hawana sauti juu ya ardhi yao, mgeni akija hawaponi. Huhama.

Waendorois hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani Nakuru, na mwaka 2002 kesi yao ikatupwa. Mahakama iliona kwamba sheria ya wakati ule haikumpa mtu haki ya kufaidi mali ya asili kwa sababu tu amezaliwa karibu nayo. Mwaka 2003, wakisaidiwa na mashirika ya kutetea haki, walipeleka malalamiko yao mbele ya Tume ya Afrika iliyo na makao yake Banjul, Gambia. Novemba 2009 Tume ikatoa uamuzi, na Februari 2010, baada ya Umoja wa Afrika kuupitisha, ukatangazwa hadharani.

Uamuzi huo ulikuwa wa kihistoria. Tume ilisema kwamba Kenya ilikiuka haki ya Waendorois ya kuabudu, haki ya mali, haki ya utamaduni, haki ya kunufaika na mali yao ya asili, na haki ya maendeleo. Tume hiyo iliona waziwazi kwamba taifa la Afrika limevunja haki ya maendeleo. Tafadhali wasomaji walitafakari jambo hili. Serikali iliyowahamisha watu kwa jina la maendeleo ilipatikana na hatia ya kuwanyima watu walewale maendeleo. Tume ikapendekeza kwamba serikali iutambue umiliki wa Waendorois na kuwarudishia ardhi ya mababu; iwaruhusu kuingia bila kizuizi kwenye ziwa na sehemu zao za ibada na malisho; iwalipe fidia ya kutosha; iwape mrabaha kutokana na shughuli za biashara zinazoendelea hapo; na ihakikishe wanapata kazi katika hifadhi.

Mwezi Agosti mwaka uohuo wa 2010, nchi yetu ikapata katiba mpya. Sisi tuliokuwa tumeidai tangu miaka ya 1990 tulifurahi, nasi tulikuwa na haki ya kufurahi. Kifungu cha 63 kimeweka ardhi ya jamii mikononi mwa jamii yenyewe. Kifungu cha 69 kinaiamuru serikali ihakikishe kwamba manufaa ya mali ya asili yanagawanywa kwa usawa. Kifungu cha 10 kimeufanya ushirikishwaji wa wananchi kuwa nguzo ya utawala. Mtu angedhani kwamba kwa uamuzi wa Tume mkono wa kulia na katiba mkono wa kushoto, Waendorois wangerudi kwao kabla ya mvua za mwaka uliofuata.

Haikuwa hivyo. Mwaka 2011 Ziwa Bogoria, pamoja na Nakuru na Elementaita, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni heshima kubwa, tena ni tangazo kubwa la kuvutia watalii. Lakini Tume ya Afrika ililalamika mwaka huohuo kwamba jambo hilo lilifanywa bila Waendorois kushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2014 serikali iliunda jopokazi la kuushughulikia uamuzi wa Tume na kulipa mwaka mmoja. Muda ukapita, na ardhi haikurudishwa. Zaidi ya miaka 15 imepita tangu uamuzi kutangazwa, na jambo lililo kubwa kuliko yote, yaani umiliki wa ardhi, halijatimizwa. Wazee waliohama wakiwa vijana wengi wamekwisha zikwa ugenini. Tangu mwanzo wa muongo uliopita maji ya ziwa nayo yamepanda, yakameza barabara, malisho na baadhi ya zile chemchemi zilizowavuta wageni. Jamii isiyo na hati ya ardhi yake inadai vipi fidia ya maji yaliyofunika ardhi hiyo?

Wako watakaosema kwamba Bogoria ni habari ya zamani, na kwamba siku hizi mambo hufanywa kwa mapatano na hifadhi za jamii. Ni kweli kwamba hifadhi za jamii zimeenea, na ziko zilizowaletea wananchi kodi ya ardhi, karo za wanafunzi na amani na majirani zao. Tunazipongeza. Lakini jina la jamii likiandikwa kwenye bango la mlangoni halithibitishi kwamba jamii iliulizwa. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa kama katiba inavyotaka. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 14 baada ya katiba mpya. Kosa la mwaka 1973 lilikuwa limevaa kanzu nyingine.

Wako pia watakaosema kwamba wanyama na maziwa ni urithi wa Wakenya wote, na kwamba si haki jamii moja ijigawie peke yake. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Urithi wa taifa ni wa taifa. Lakini tuulize ni nani anayebeba gharama za urithi huo. Sehemu kubwa ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga, katika ardhi ya wafugaji na wakulima. Ndovu akivunja ghala, ni ghala la mwanakijiji. Simba akiingia zizini, ng’ombe ni wa mwanakijiji. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, na wote wanaoishi karibu na mbuga wanajua jinsi fidia hiyo inavyokawia. Ikiwa hasara ni ya mwanakijiji peke yake, kwa nini faida tu ndiyo iwe ya taifa zima? Urithi wa wote na ulipiwe na wote.

Kuna hoja ya tatu, nayo inatuuma zaidi kwa sababu inatoka kwetu wenyewe. Fedha zikiwafikia wenyeji, huishia mikononi mwa wachache. Katika miaka ya 1990 baraza la wilaya ya Narok lilikubali kutenga asilimia 19 ya ada za Maasai Mara kwa ajili ya ranchi za pamoja zilizopakana na hifadhi. Watafiti waliolifuatilia jambo hilo waliandika kwamba fungu kubwa liliwanufaisha viongozi wachache na watu wao, huku familia za kawaida zikipata makombo. Basi ugatuzi peke yake si dawa. Tangu mwaka 2013 ada za hifadhi kama Bogoria na Mara hukusanywa na serikali za kaunti. Kama gavana na madiwani wake hawatoi hesabu, mwananchi amebadilishiwa bwana tu. Kuhamisha sanduku la fedha kutoka Nairobi hadi makao ya kaunti si ukombozi ikiwa mwenye kijiji bado hajui ndani yake mna nini.

Wala tusisahau kwamba mbuga zimewahi kutumiwa kama peremende za kampeni. Mwezi Septemba 2005, wiki chache kabla ya kura ya maoni juu ya katiba, serikali ilitangaza kwamba Amboseli ingeondolewa katika mbuga za taifa na kukabidhiwa baraza la wilaya. Mahakama Kuu baadaye ililibatilisha tangazo hilo. Wamaasai wa Amboseli wana madai ya haki ya miaka mingi juu ya ardhi na maji yao. Madai hayo yalistahili mazungumzo na sheria, si zawadi ya msimu wa kura. Haki inayotolewa ili kununua kura huweza kunyang’anywa kura zikiisha kuhesabiwa.

Na jambo jingine ni kwamba utalii ni biashara inayoyumba. Agosti 1997 Likoni ilipowaka moto wa fujo zilizopangwa kisiasa, hoteli za pwani zilibaki tupu. Wageni waliofika Kenya mwaka 2019 walizidi milioni 2, na mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, hawakufika 600,000. Katika dhiki kama hiyo, mfugaji aliye na ardhi yake na mifugo yake huvumilia. Aliyeachishwa malisho ili awe mchezaji ngoma wa hotelini hubaki mikono mitupu. Hii ni sababu nyingine ya kusema kwamba ardhi ibaki mikononi mwa wenyewe: siku mgeni asipokuja, mwenyeji bado ale.

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Kwanza, uamuzi wa Bogoria utekelezwe, kwa ratiba iliyochapishwa na kujulikana na kila mtu. Serikali haiwezi kuwaita wageni waje kulitazama ziwa huku ikiwakataa wenye ziwa.

Pili, ardhi ya jamii isajiliwe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema kwamba mapatano na mwekezaji hayafai mpaka yapitishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Ni ngao nzuri. Lakini ardhi isiyosajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, nasi tumekwisha kuona neno “kwa niaba” lilitufikisha wapi. Kila mwaka unaopita bila usajili ni mwaka wa hatari.

Tatu, hesabu zitangazwe. Kila hifadhi ibandike hadharani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, idadi ya wageni, ada zilizolipwa, mishahara, kodi ya ardhi na fungu la jamii. Kifungu cha 35 cha katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari. Haki isiyotumika huota kutu.

Nne, fidia za wanyamapori zilipwe kwa wakati, kabla ya matangazo mapya ya kuvutia watalii kulipiwa huko ng’ambo.

Sasa tunawageukia nyinyi wasomaji wetu, wanaharakati na waumini. Msidhani kwamba kazi hii ni ya mawakili wa Nairobi. Waendorois walianza kwa wazee waliokutana, wakaunda kamati, wakatunza kumbukumbu za ahadi walizopewa, wakazipeleka hadi Banjul. Fanyeni vivyo hivyo mlipo. Mkisikia kwamba kambi ya watalii, hoteli au hifadhi mpya inakuja kwenu, ulizeni maswali matatu kabla ya ngoma ya kuwakaribisha wakubwa kupigwa: ardhi hii ni ya nani kwa hati? Nani alikubali, katika mkutano gani, na waliohudhuria ni wangapi? Na ufunguo wa sanduku la fedha anao nani? Andikeni majibu, pamoja na tarehe na jina la aliyejibu. Ahadi ya mdomo ya mwaka 1973 iliwagharimu watu nusu karne.

Nanyi mnaokusanyika makanisani kila Jumapili, mna kitu ambacho wizara haina: mnajuana kwa majina, na tangazo linalosomwa baada ya ibada hulifikia boma ambalo gazeti halifiki. Someni humo ilani za usajili wa ardhi, maana ilani isiyosikika hupita na siku zake za pingamizi hupita nayo. Wasaidieni wajane na vijana waandikishwe kama wanajamii, kwa sababu katika orodha nyingi za ranchi za zamani walioachwa nje walikuwa wao. Mkutano wa kijiji ukiitishwa kujadili mwekezaji, hakikisheni kwamba mama anayechota maji ana kiti na kauli sawa na mzee mwenye bakora.

Mgeni ana heshima yake katika nchi hii, na hatutaki apunguziwe. Mwafrika hamfukuzi mgeni mlangoni. Lakini desturi hiyohiyo inasema kwamba mgeni hupokewa na mwenye nyumba, na anayeketi sebuleni akikaribisha watu huku mwenye nyumba yuko nje kwenye baridi hatumwiti mwenyeji. Tuna jina lingine kwake. Serikali ikitaka utalii wa mashambani ustawi, na imrudishe kwanza mwenye nyumba ndani. Bogoria ndiyo mahali pa kuanzia.